Volani imehama, mulango umebaki

Kila mutu anayeishi karibu na mupaka, pa Kasumbalesa, pa Mokambo ao pa Sakania yenyewe, anajua ule mugeuko mudogo unaosumbuaka wageni. Upande wa Zambia motokari zinatembea kushoto. Upande wa Kongo zinatembea kuume. Kati ya bariere mbili, shofere anaacha mukono mumoja wa balabala na kushika mwingine, na mizigo yake yote nyuma, mara mingi bila hata kupunguza muziki.

Shofere anahama, lakini motokari yake haihami. Kama ilitengenezwa na volani kuume, itaingia Kongo na volani kuume, na shofere ataketi pembeni kabisa, karibu na majani, pahali pa kuketi upande wa katikati ya balabala. Na motokari mingi ambazo watu wa Sakania, Kasumbalesa na Lubumbashi wananunua ni za namna hiyo. Ndiyo sababu, pahali wapenda-motokari wanakutana, ikiwa ku garaji, ku parkingi ya taksi ao inje ya kanisa siku ya yenga, mabishano yenyewe si juu ya rangi wala janti zenye kungaa. Ni juu ya volani: iachwe pale Wajapani waliiweka, ao ihamishwe?

Kwingine, mutu akisema motokari imegeuzwa, watu wanafikiri mipira minene, mutambo wenye kelele na vioo vyeusi. Hapa mupakani motokari iliyogeuzwa ni ile iliyopasuliwa tablo ili volani ivuke upande mwingine. Ni kazi kubwa, na inagusa vitu ambavyo muntu hapaswi kugusa ovyo.

Inatoka wapi

Japani wanatembea kushoto, sawa vile Zambia, Tanzania, Kenya, Uganda na Afrika ya Kusini. Motokari ya okazioni inatoka Japani kwa meli, inashuka Dar es Salaam ao Durban, kisha inapanda kwa balabala mpaka Copperbelt. Kwa mutu wa Sakania, Ndola iko karibu sana kuliko Lubumbashi. Reli yenyewe iliingia Katanga kwa njia hiyo: ilifika Sakania mwaka 1909 ikitoka kusini, na mwaka uliofuata ikafika Lubumbashi. Kwa hiyo si ajabu kama leo motokari nayo inafuata njia ya zamani, na kama inakuja na volani ya huko inakotoka.

Kongo nayo inatembea kuume tangu wakati wa Wabelgiji, na kodi ya balabala ya tarehe 30 Agosti 1978 imeshikilia vile. Angola, Rwanda na Burundi ni vilevile. Katanga basi iko pale kitambaa kinaposhonwa: jirani wa kusini na wa mashariki wanatembea kushoto, yeye anatembea kuume.

Kuna teritware chache zinazoona jambo hilo kama Sakania. Watu wa Zambia wanaotoka Mufulira kwenda Mansa wanakata njia ndani ya Kongo, kutoka Mokambo mpaka Chembe, kama kilometa 70. Tangu mwaka 2008 kule Chembe kuna daraja lenye jina la Levy Mwanawasa, pahali watu walikuwaka wanavuka kwa bake. Kwa kilometa hizo zote motokari za Zambia, volani kuume, zinatembea kuume. Kisha zinavuka na kurudi kushoto.

Njia ingine ya motokari ni Dubai. Kule Ras Al Khor kuna soko kubwa la okazioni za Japani, na katika Emirati kuna garaji zinazohamisha volani mbele ya motokari kupakiwa ndani ya meli. Hapo ndipo wengine wanadanganyika. Mununuzi anaona volani kushoto, anafurahi, anafikiri motokari ilizaliwa vile. Kumbe ilipasuliwa na kushonwa mbali sana, na mutu asiyemujua.

Juu ya nini watu wanataka ihame

Ukitaka kuelewa wale wanaopenda volani ihamishwe, keti siku moja ku volani ya kuume nyuma ya kamyo lenye kubeba shaba, katika balabala ya Lubumbashi. Unataka kupita. Mwenye volani kushoto anasogea kidogo tu, anachungulia, anaona kama njia iko wazi. Wewe uko upande wa majani. Mbele yako ni ukuta wa kamyo. Ili uone, ni lazima utoe kwanza nusu ya motokari katikati ya balabala. Kama kuna kitu kinakuja, kimekwisha kukuona mbele wewe hujakiona.

Mashofere wamezoea kumuuliza mwenye kuketi kushoto. Konveyere, bibi, ao mutoto wa shule anakuwa macho ya motokari: anasema pita, ao anasema ngoja. Mutoto wa miaka kumi hajui kupima mwendo wa kamyo linalokuja. Na siku shofere iko peke yake, anapita kwa imani.

Uswidi walijua shida hiyo, lakini kwa namna ya kugeuka. Mpaka mwaka 1967 walikuwa wanatembea kushoto, na huku motokari zao karibu zote zilikuwa na volani kushoto. Shofere wa kule pia alikuwa anaketi pembeni, haoni mbele ya ile anayotaka kupita. Tarehe 3 Septemba 1967, saa kumi na moja ya asubuhi, inchi muzima ikahamia kuume. Hawakuhamisha volani, walihamisha balabala. Bisi zao ndizo zilileta kazi, juu milango ilikuwa upande mubaya. Walinunua bisi mupya na kutengeneza zingine, na baadhi ya zile za zamani za Göteborg na Malmö ziliuzwa Pakistan na Kenya, inchi zinazotembea kushoto. Neno hilo la milango litarudi chini.

Wale wanaosema iachwe

Kuna kambi ingine, na si ya watu wajinga. Hawa wanapenda motokari ibaki sawa ilivyotoka ku kiwanda, na wengi wao ni mafundi wenye kuwa wameona ndani ya tablo zilizohamishwa. Wanasema kiwanda kilipima kila chuma, na fundi wa kando ya njia alipima kwa jicho. Wanasema pia kwamba shofere mwenye akili anaweza kujifunza kuendesha na volani kuume katika Kongo, sawa mashofere wa makamyo wa Zambia, Tanzania na Afrika ya Kusini wanaoingia kila siku. Na wanasema motokari isiyoguswa inauzika vizuri, hata ukitaka kuirudisha Zambia.

Hoja ya kwanza iko na nguvu sana. Ya pili iko na nguvu nusu tu, juu shofere wa kamyo anaketi juu, anaona mbali, na ile ni kazi yake. Mwenye Toyota kidogo anaketi chini, nyuma ya kila kitu. Ya tatu ni ya kweli kwa mwenye kuishi mupakani, lakini haiponyeshi mutu.

Rwanda ilikata mabishano kwa sheria: mwaka 2005 ilikataza kuingiza motokari za volani kuume. Lakini Rwanda ni inchi kidogo. Ku mupaka mrefu kama wa Katanga, mabishano yanaendelea ku garaji.

Ndani ya tablo

Tuseme mutu ameamua volani ihame. Ni nini hasa inafanyika?

Volani si duara tu la kushika. Nyuma yake kuna fimbo inayoshuka mpaka kwenye kremayere, kile chuma chenye meno kinachosukuma magurudumu kushoto na kuume. Kremayere ya motokari ya volani kuume ina mulango wa kuingiza fimbo upande wa kuume. Fundi muzuri anatafuta kremayere ya kweli ya volani kushoto, ya aina ileile na ya mwaka uleule, na tablo yake, na pedali zake. Kwa Toyota zilizouzwa dunia muzima, vyuma hivyo vinapatikana. Kwa motokari zilizouzwa Japani peke yake, hakuna. Hakuna mutu aliyewahi kuvitengeneza. Pale fundi anaanza kubuni.

Na kubuni ndiko kunaleta matatizo. Kuna wanaokata fimbo ya volani na kuiunga kwa sudire. Sudire inaonekana nzuri, imepakwa rangi nyeusi, na inaweza kushika mwaka muzima. Lakini fimbo hiyo inasokotwa kila mara shofere anapogeuza, na shimo za balabala ya Sakania wakati wa mvua zinaipiga kutoka chini. Ikivunjika, haivunjiki polepole.

Freni nazo ni vilevile. Pompe ya freni imefungwa upande wa shofere, nyuma ya ukuta wa chuma unaotenga mutambo na watu. Kuihamisha ni kutoboa ukuta huo, kupinda mifereji ya mafuta, na kupata nafasi pahali mutambo umekwisha kujaza. Kwa hiyo kuna wanaoiacha kuume, na kufunga fimbo ndefu chini ya tablo: muguu unakanyaga kushoto, fimbo inasukuma pompe kuume. Siku ya kwanza inafanya kazi. Lakini fimbo ndefu inajipinda kidogo, na siku ya kukanyaga kwa nguvu, sehemu ya nguvu ya muguu inapotea ndani ya kujipinda huko.

Erbagi, ile mifuko ya hewa inayofunguka wakati wa kugongana, mara mingi inatolewa kabisa, na taa yake ya kuonya inazimwa ili mununuzi asiulize. Swiglasi, zile fimbo za kufuta mvua ku kioo, zinabaki zikifuta vizuri upande wa kuume na kuacha kona chafu mbele ya macho ya shofere mupya. Hiyo ya mwisho inaonekana kuwa kidogo, mpaka mwezi wa kwanza na mvua yake.

Mutu anayenunua anaweza kuona mingi bila kuwa fundi. Afungue kapo na kutazama ukuta nyuma ya mutambo: kama upande wa kuume kuna kiraka cha tole, volani ilihama. Aketi, anyooshe magurudumu, ahesabu volani inazunguka mara ngapi mpaka mwisho kushoto, na mara ngapi mpaka mwisho kuume. Hesabu mbili zisipolingana, kuna kitu kilifungwa vibaya. Ainame chini ya tablo na taa ya telefone, aangalie kama fimbo ya volani iko na alama ya sudire, na kama pedali ya freni imeshikana na fimbo ndefu inayovuka upande wa pili. Kama muuzaji anakasirika juu ya kuinama huko, jibu limekwisha kupatikana. Na mbele ya kutoa makuta, aulize dwane na ofisi ya plaki kama motokari ya namna ile itaandikishwa, juu fundi na sheria ni vitu viwili.

Wazee wasiobishana

Kuna motokari moja ambayo kambi zote mbili zinaiheshimu: Land Rover ya zamani. Ilionyeshwa watu mara ya kwanza mwaka 1948, na ile ya majaribio, mwaka mumoja mbele, ilikuwa na volani katikati kabisa. Waliotengeneza walifikiria tangu mwanzo kwamba itauzwa kila pahali. Ukuta wake wa mbele uko na nafasi za volani na pedali pande zote mbili, na upande usiotumika unafunikwa na vibati. Kuhamisha volani ya Land Rover ya zamani ni kufungua na kufunga, karibu bila kukata. Ni ya kubadilishwa tangu kuzaliwa.

Land Cruiser za mulolongo wa 70, zilizoanza mwaka 1984 na ambazo wamisionari na watu wa madini wanazijua sana, nazo ziliuzwa kwa volani zote mbili, na vyuma vyake vya kweli vinatafutika. Ukimuuliza mupenda-motokari wa zamani, atataja pia Peugeot 404, ile iliyoshinda Safari Rally ya Afrika ya Mashariki mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na 504 iliyokuja nyuma yake na kushinda mwaka 1975 na 1978. Peugeot hizo ziliuzwa Kongo na volani kushoto, Kenya na volani kuume, zote mbili za kiwanda. Mutu mwenye 504 inayotembea anaitunza sawa ngombe. Hapana kusikia akiomba janti za kungaa.

Juu ya mapambo yenyewe hakuna mingi ya kusema. Janti kubwa na motokari iliyoshushwa chini ni vizuri Lubumbashi, pahali pa lami. Katika njia ya Sakania vinakula mipira na tumbo la mutambo. Matatu za Nairobi, zenye michoro na muziki, zinajulikana dunia muzima, lakini sheria ambazo waziri John Michuki aliziweka mwaka 2004 hazikuwa za rangi tu: zilitaka mukaba kwa kila abiria na kifaa cha kuzuia mwendo. Kinshasa nako waligeuza Mercedes-Benz 207, motokari ya mizigo, wakatoboa tole kuweka madirisha na kutia mabanko ndani. Watu wenyewe wakaziita Esprit de mort, roho ya kifo, na mwaka 2013 serikali ikaleta bisi za Transco.

Taa na mulango

Kuna vitu viwili ambavyo hata fundi muzuri wa volani anavisahau, na vyote viwili vinaua watu wasiokuwa ndani ya mabishano.

Cha kwanza ni fari. Taa ya chini ya motokari haimuliki sawasawa. Ile ya inchi inayotembea kushoto inapanda kidogo upande wa kushoto, ili ionyeshe pembeni ya balabala, watu wa miguu na vibao. Katika Kongo kushoto ndiko kunakotoka motokari ingine. Basi mwanga unapanda moja kwa moja ndani ya macho ya anayekuja, na pembeni kuume, pahali mama mwenye beseni na kijana wa kinga wanatembea, kunabaki giza. Waingereza wanaovuka kwenda Ufaransa wanabandika kitu kidogo juu ya fari kwa sababu hiyo. Kupima ni rahisi: simamisha motokari usiku mita tano mbele ya ukuta, washa taa ya chini. Mwanga ukipanda kushoto, fari ni za kule. Kuhamisha volani hakukuzigusa.

Cha pili ni mulango wa minibisi. Hiace iliyotengenezwa kwa ajili ya Japani ina mulango wa kusukuma upande wa kushoto, juu kule ndiko pembeni ya balabala. Katika Kongo minibisi inasimama kuume, na mulango unafunguka katikati ya njia. Unaweza kuhamisha volani mara kumi; mulango hauhami. Wanafunzi wanashuka mbele ya moto na makamyo. Motokari ya nyuma inaona minibisi imesimama, inapita kushoto kwake, na pale ndipo mutoto anaweka muguu.

Samoa, kisiwa cha Pasifiki, walikutana na neno hilohilo. Tarehe 7 Septemba 2009 waliacha kuume na kuhamia kushoto, hasa ili wapate motokari za bei chini za Japani, Australia na Zelande Mupya. Wenye bisi walilalamika mbele ya wote, juu milango yao ilikuwa itafungukia katikati ya balabala. Kwao sheria ndiyo ilihama. Katika Katanga kilichohama ni soko, na abiria hakuulizwa.

Mafundi wengine wanafunga mulango wa kushoto na kukata mwingine kuume. Hapo kambi ya iachwe iko na haki kamili. Ubavu wa Hiace usio na mulango ndio unashikilia nguvu ya kabini; ukiukata bila kuweka chuma kingine ndani, motokari ikilala chini inajikunja sawa kopo. Hiace zenye milango pande mbili tangu kiwandani ziko, na za volani kushoto zenye mulango kuume pia ziko. Ni za bei ya juu. Kwa mwenye taksi anayehesabu kila siku mafuta, versema ya patron na makuta ya konveyere, bei ndiyo inaamua.

Kwa zile zilizo tayari katika njia, kuna kazi ambayo haitaki makuta. Shofere anaweza kutoka kabisa inje ya lami mbele ya kusimama, wala si kuacha magurudumu mawili juu yake. Konveyere anaweza kushuka yeye wa kwanza, asimame nyuma ya mulango akiangalia motokari zinazokuja, mukono juu, na asiachilie mutoto hata mumoja mpaka njia iwe wazi. Muzazi anayelipa transipo ya mwezi anaweza kuuliza swali moja mbele ya kulipa: mulango uko upande gani?